Sifa Zina Kodi Yake

Siku hizi huwezi kuhudhuria semina hapa Same, iwe ya VICOBA, ya wakulima wa tangawizi au ya wazazi wa wanafunzi, bila kupewa karatasi nyeupe na kuambiwa uandike sifa zako tano nzuri. Zamani semina ilikuwa na adabu zake. Unakaa, unasikiliza, unasinzia kidogo, unakunywa chai, unasaini posho, unarudi kwako jinsi ulivyokuja. Sasa hawataki urudi jinsi ulivyokuja. Wanataka ujikubali. Na ratiba wameipanga kwa makusudi: kujikubali asubuhi, posho jioni.

Mwezeshaji wa safari hii alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Arusha, na bango kitita lake, na makapeni za rangi zote. "Wazazi wangu, shikamooni," akasema. Tukaitikia marahaba. "Leo tutajifunza kujipenda." Sisi wa nyuma tukaangaliana. Nyuma ndiko wanakokaa watu wa milimani, maana mlango uko huko na chai huingilia hapo. Kisha akaongeza maneno ambayo mtu aliyekulia huku hathubutu kuyatamka mbele ya ukumbi uliojaa Wapare: "Andikeni tu kwa uhuru. Hapa hakuna jibu sahihi wala la makosa."

Mzee mmoja wa Suji akasimama papo hapo. Kama hakuna la makosa, akauliza, aliyeandika uongo atajulikanaje? Mama mmoja wa Hedaru akataka kujua kama sifa hizo zipitie kwanza kwa mtendaji wa kijiji zigongwe muhuri, au kila mtu anajigongea mwenyewe. Mwingine akalalamika kuwa yeye ameandika "mvumilivu," lakini jirani yake anampinga, anadai ule si uvumilivu, ni kukosa nauli. Hoja ikashika moto. Upande mmoja ukasema uvumilivu ni uvumilivu hata kama umelazimishwa. Upande wa pili ukajibu kwamba kwa hesabu hiyo basi na wafungwa wapewe vyeti. Tukaenda nayo mpaka chai ikaingia, na baada ya chai tukaendelea pale pale tulipoachia. Kijana wa watu alikuwa amekaa chini, anafunga na kufungua vifuniko vya makapeni zake.

Nilichungulia karatasi ya mzee aliyekaa kulia kwangu. Alikuwa ameandika jina la ukoo, kijiji, namba ya simu, na chini kabisa, kwa herufi kubwa: SIDAIWI.

Yangu ilikuwa nyeupe. Si kwamba sina sifa. Sifa ninazo, tena nyingine hazijatumika kabisa. Kilichonizuia ni swali la bibi mmoja wa mstari wa mbele, swali ambalo yule kijana alilijibu haraka haraka bila kuliona uzito: "Mwanangu, hizi karatasi zitabaki kwa nani?"

Hapo ndipo penyewe. Mtu wa huku haogopi kuwa na sifa, anaogopa zijulikane. Sifa ikishajulikana inatozwa. Jitangaze kuwa mkarimu, kesho yake utajikuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa mtu mliyekutana naye kwenye basi, na kiwango chako kimeshapangwa: elfu hamsini ukija peke yako, laki ukija na mwenza. Jitangaze kuwa una sauti nzuri uone kama utakaa tena kwenye benchi kanisani. Utavishwa joho la kwaya na kupewa ratiba ya mazoezi. Ukisema unajua kuandika, basi wewe ndiye katibu wa vikao vya ukoo mpaka macho yaishe. Kuna fundi redio mtaani kwetu aliwahi kusikika akisema yeye hana makuu, anapenda tu kusaidia watu. Leo ana meza nzima ya redio za bure, na za kulipia hana pa kuziweka.

Hofu hii haikuanza na WhatsApp. Imo kwenye historia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utawala wa Waingereza pamoja na machifu wa Upare walikuja na kodi mpya iliyoitwa mbiru, ambayo kila mtu angetozwa kwa kadiri ya alichonacho. Wazee hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kila mwaka walikuwa wakiilipa. Walichokataa ni kupimwa. Mtu aje nyumbani kwako, atazame zizi, atupe jicho kwenye migomba na kahawa, kisha aandike kwenye daftari lake kuwa wewe ni wa daraja fulani! Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka milimani kwa miguu mpaka hapa Same, wakapiga kambi bomani, wakakaa. Hawakuchoma kitu. Walikaa tu, kwa muda mrefu, wakipokezana, chakula kikiletwa kutoka nyumbani. Wanawake wa Usangi nao waliandamana, na inasimuliwa kuwa walimwambia afisa wa serikali kwamba kwa kuwa amewaweka waume zao mbali, basi mimba awape yeye mwenyewe. Mwishowe mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mzaliwa wa huku huku Upare, aliandika kitabu kuhusu mgogoro huo kilichotoka mwaka 1971.

Sasa wajukuu wa watu hao unawakalisha ukumbini, unawapa karatasi, unawaambia waorodheshe walichonacho cha thamani. Ungetuuliza madeni yetu tungekujibu vizuri zaidi.

Tena kuna tatizo la pili. Sifa zetu zilishaandikwa zamani, ila waliziandika watu wengine, na wakaziweka kwenye ukurasa wa makosa. Panda basi la kutoka Dar es Salaam, umkumbushe konda chenji yako ya elfu moja kwa mara ya pili. Atakuuliza kwa sauti gari zima lisikie: "Mzee, wewe Mpare?" Watu wanacheka. Hela ni yangu, iko kwenye mfuko wake, na anayechekwa ni mimi. Hata Wachaga, watani zetu, wanatusema kwa ubahili. Mchaga! Mtu anayefungua duka kwenye kibaraza cha mama yake na mama akija kununua kiberiti anampigia hesabu.

Halafu ile ya ng'ombe. Kila Mtanzania anaijua habari ya Mpare aliyeuza ng'ombe apate gharama za kuendesha kesi ya kuku. Nimesimuliwa Mwanza, nimesimuliwa Mtwara, nimesimuliwa nikiwa kwenye boti ya kwenda Unguja, na kila mara msimulizi anadhani ndiyo kwanza naisikia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza yule kuku alikuwa wa nani. Alikuwa wa kwake! Mlitaka afanyeje? Aliyechukua kuku akanyamaziwa, mwezi ujao anarudi kwa ng'ombe. Sasa kama ng'ombe ataondoka kwa vyovyote, si bora aondoke kwa hiari ya mwenyewe na kwa risiti? Wale waliokaa bomani mwaka 1945 nao walikuwa na kesi ya kuku ukiitazama kwa macho ya konda. Waliishinda.

Na ubahili, tuuseme. Upande wa magharibi wa Upare Kusini, ukianzia Vudee ukashuka Bangalala mpaka kule Makanya kwenye machimbo ya jasi, mvua ni za kubahatisha na vijito ni vyembamba. Wazee wa zamani walitazama maji yanavyopita usiku watu wamelala, yanateremka bondeni, yanapotelea mchangani bila kumnufaisha mtu. Iliwauma. Mtu mkarimu angesema acheni yaende, Mungu ataleta mengine. Wao wakachimba ndiva: bwawa la udongo na mawe, mfereji unamwaga maji humo usiku kucha, asubuhi mlango unafunguliwa na mashamba yanapata kwa zamu. Ndiva ya Manoo pale Bangalala ni mojawapo. Bwawa likijaa tope unaitwa msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na asiyetokea anatozwa faini. Hakuna cha "nilisahau." Wataalamu wa maji wamekuja kutoka vyuo vya mbali, wamezipima ndiva zetu kwa mashine, wamehoji wazee, wengine wameondoka hapa wakapata shahada za uzamivu. Nasubiri mpaka leo mmoja wao arudi, asimame pale Bangalala, aseme: ndugu zangu, hongereni sana kwa ubahili.

Mlima wetu wenyewe una shida hiyo hiyo. Sisi tuko Mkoa wa Kilimanjaro, maana yake tunaishi kwenye mkoa uliopewa jina la mlima wa watu wengine. Mgeni akisikia natoka Kilimanjaro ananiuliza nimepanda mara ngapi. Shengena ina mita 2,400 na ushei, ndicho kilele kirefu kuliko vyote Upare, imo ndani ya msitu wa hifadhi wa Chome, na ni ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo ilikuwapo mamilioni ya miaka kabla Kilimanjaro haijatapika jiwe la kwanza. Kwa umri, Kilimanjaro ilipaswa kutuamkia kila asubuhi. Kule juu yupo ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Upare Kusini. Huku chini, mwendo mfupi tu kutoka Same mjini, Hifadhi ya Mkomazi ina faru weusi na mbwa mwitu. Na mabasi yanapita hapa kila siku abiria wamelala midomo wazi. Wakiamka Same, wanaulizia choo.

Nilifanya kazi zamani na bwana mmoja wa Bukoba. Yule akianza kujitambulisha kikaoni, ulikuwa unaweza kutoka nje, ukanunua vocha, ukaongea na watu wa nyumbani, ukarudi ukamkuta bado yuko sekondari. Shule aliyosoma, mwalimu aliyemkabidhi zawadi, kitabu alichopewa, rangi ya jalada. Tulimwita nshomile, yaani msomi. Unafikiri alichukia? Alishukuru, akaongeza na kozi ya miezi mitatu aliyoisahau. Nilikuwa namtazama kwa hasira, na sasa nikikumbuka naona hasira ile nusu yake ilikuwa wivu. Kwao mtoto anakua akisikia watu wazima wakijigamba na dunia haipasuki. Mimi majigambo nilifundishwa darasani, kipindi cha fasihi simulizi. Nilipata alama nzuri kwenye swali hilo, na tangu siku hiyo sijayatumia.

Dini nazo hazikutusaidia. Wasabato waliingia Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti. Walutheri wakajenga Mbaga. Uislamu una mizizi yake Usangi na kwingineko. Hawa wote wamehitilafiana kuhusu siku ya kupumzika, kuhusu nyama, kuhusu namna ya kuzika. Kwenye jambo moja wamekubaliana: usijisifu. Na ndilo fundisho pekee ambalo Wapare hatukulibishia.

Basi sifa zinangoja msibani. Ukifa Upare umepona. Nimehudhuria maziko mengi huko Mamba, Gonja na Mbaga, na sijawahi hata mara moja kuona anazikwa mtu mbaya. Wabaya sijui wanazikwa wapi. Kijana wa ukoo anakamata kipaza sauti, anakunjua karatasi: marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda maendeleo, hakubagua mtu. Waombolezaji wanatikisa vichwa, na wengine wanageuka kidogo kulitazama jeneza kuhakikisha ni yule yule. Mzee aliyeitwa mkorofi miaka nenda rudi kwa sababu alikataa barabara isipite shambani kwake bila maandishi, siku hiyo anakuwa "mtu wa msimamo." Bibi aliyesemwa ana mdomo anakuwa "mshauri wetu." Afadhali watani, wao angalau wanapiga kelele toka nyuma kwamba marehemu asifukiwe kabla hajarudisha msumeno wa watu. Kinachoniuma mimi si uongo, maana mara nyingi si uongo. Ni kwamba mhusika yuko pale pale, mita mbili kutoka kwenye kipaza sauti, na hawezi kusikia. Wala hawezi kupinga. Mpare kusomewa maneno marefu kiasi kile bila nafasi ya kujibu ni kumuua mara ya pili.

Binti yangu anaishi Dar es Salaam na anawafuatilia hawa wahamasishaji wa kwenye simu. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo baba. Baba, usisubiri watu wakusifie. Kila asubuhi simama mbele ya kioo ujiambie mambo mazuri yako." Kioo chetu ni kile kidogo cha kunyolea, kimetundikwa uwani kwenye nguzo, kinaonyesha jicho moja na nusu ya pua. Humo kujisifu ni kwa awamu. Hata hivyo asubuhi moja nikasimama, nikakohoa, nikafungua mdomo. Upepo wa Same mnaujua. Vumbi likaingia kabla neno halijatoka. Nikatema, nikaanza upya: "Wewe ni mtu mwema."

Mama watoto akatokeza jikoni na mwiko. "Mzee, unaongea na nani?"

"Najisifu."

"Kwa lipi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka tu kujua ajenda.

Nikamwambia kama ni hivyo anisaidie yeye, kwa kuwa ananifahamu kuliko kioo. Akavuta kigoda, akakaa, akafikiri kwa muda ambao haukunifurahisha. "Una subira," akasema. "Bati linavuja tangu masika na hujalisumbua." Nikanyamaza. "Huchagui chakula. Makande ya juzi ulikula, ya jana ulikula, ya leo utakula."

"Hiyo nayo ni sifa?"

"Kwa mwanamume? Kubwa."

Akainuka kwenda kugeuza sufuria, na akiwa amenipa mgongo akatupa neno la mwisho: "Na daftari la kuzikana umeshika tangu huyu wa Dar yuko darasa la pili. Leo ana watoto wake. Hujajiuliza kwa nini hawakuondoi?"

Nilikuwa nimejiuliza, tena kwa uchungu. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana. Kila mkutano mkuu naomba kupumzika, kila mkutano wananipigia makofi na kunirudishia ufunguo wa kisanduku cha fedha. Hakuna siku mtu amesimama akasema mimi mwaminifu. Shukrani zote za kikao huenda kwa mgeni rasmi, ambaye hajawahi kuzika mtu na sisi. Mimi natupiwa utani tu: kwamba hela ikiingia mkononi mwangu inasahau njia ya kutoka, kwamba nikifa itabidi wafungue kile kisanduku kwa amri ya mahakama. Shemeji yangu aliwahi kuja kukopa humo kwa siku mbili tu, kwa ajili ya jambo la dharura sana lenye magurudumu mawili, nikamnyima, na mpaka leo hajanisamehe. Lakini mtu akifariki saa nane za usiku, jogoo hawiki kabla sanda, jeneza na gari la kupandisha mwili milimani havijalipiwa. Hakuna anayezungushiwa kofia. Fedha ipo. Na ipo kwa sababu ya ule ule ubahili ambao konda aliucheka.

Ndipo nikaanza kutazama watu wa huku vizuri. Hatusifu, tunatwisha. Yule mama ambaye hajaambiwa na mtu kwamba anajua kupika ndiye anayefuatwa kusimamia masufuria kwenye kila msiba na kila harusi, na asipokuja watu wanaulizana kwa hofu. Kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ana akili ndiye anayeletewa barua za serikali asome na kueleza. Na yule mbishi wa kijiji, anayechosha mikutano, anayedai kumbukumbu za kikao cha mwaka juzi zisomwe upya, mpaka wa kijiji ukiguswa na watu wa jirani, nani anapandishwa kwenye bodaboda ya kwanza kwenda wilayani? Yeye, na nauli anachangiwa. Anayeomba mkopo benki anaonyesha hati ya nyumba. Mpare anayetafuta sifa zake aonyeshe alichotwishwa.

Nikaitoa ile karatasi ya semina, bado nyeupe, maana sipotezi karatasi. Nikaandika yote ninayosumbuliwa nayo. Kuitwa kutoa ushahidi kwenye mashauri ya mipaka ya ukoo, hata ya watu wasionipenda: basi nina kumbukumbu, na sigeuzi maneno. Kuamshwa usiku kusindikiza mgonjwa hospitali: siogopi damu, na najua kungoja kwenye benchi. Kuachiwa funguo na kila jirani anayesafiri, pamoja na kuku wake, na maelekezo ya kuku: nafuata maelekezo. Karatasi ikajaa, nikageuza nyuma. Nilikuwa nalalamika mambo haya kwa miaka, na kumbe yalikuwa wasifu wangu, ninausikia nikiwa hai, bila kipaza sauti na bila pilau.

Bado nasema ni uonevu. Lakini sasa najisifu, kwa kiasi. Juzi konda mwingine akaniuliza lile swali lao. Nikamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake: "Ndiyo, Mpare wa Same, na chenji yangu ni elfu moja." Akaitoa. Mama mmoja kiti cha nyuma, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu Mombo, akasimama naye akadai yake.

Nikapata ujasiri. Mkutano mkuu wa chama ulipofika, kabla ya uchaguzi, niliomba nafasi, nikasimama, nikasema bila kutazama chini: "Ndugu wajumbe, mimi ni mwaminifu, na fedha zenu nimezitunza vizuri sana." Ukumbi ukapoa. Watu walitazamana kujua kama naumwa. Kisha mzee mmoja akanyanyuka taratibu na fimbo yake, akasema anaunga mkono maneno ya mtoa hoja, ni ya kweli tupu, na anashukuru kwamba hatimaye ameyatamka mwenyewe. Nilikaribia kutoa machozi. Hakukaa. Akaendelea kwamba kwa kuwa mweka hazina sasa amejitambua, anapendekeza akabidhiwe na daftari la michango ya ujenzi wa zahanati. Makofi yalipigwa mpaka nje.

Mama watoto alicheka siku nzima. Madaftari mawili yako chini ya kitanda, na ufunguo wa pili ni mzito kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, itaje sifa yako ungali hai na una nguvu za kuitetea, ila usiitaje kwenye kikao chenye kipengele cha mengineyo. Mimi msimamo wangu ni ule ule: ni mwaminifu, nina kumbukumbu, nakula makande ya juzi bila kununa. Anayepinga aje Same tufungue shauri. Ng'ombe wa kuuza yupo.